Chembe Nyeupe za Dada Yangu

Mpaka leo nikiona picha ya mwanaanga anaelea ndani ya chombo chake huku anacheka, damu inanichemka. Najua hana kosa. Hajui kama nipo, wala hajui kama dada yangu yupo. Lakini hasira yangu haikuwahi kuniomba ruhusa, na simulizi hii nikiiandika kwa upole nitakuwa nadanganya.

Nafanya kazi ya maabara katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi. Sitakitaja, maana bado nafanya kazi hapo na barua yangu bado iko kwenye faili. Chumba changu kina dirisha moja, hadubini mbili, jokofu, na mashine ya kuhesabu chembe za damu. Siku ilipoletwa walikuja wageni wenye suti, tukapiga makofi. Unaipa damu kidogo tu, inakuhesabia chembe nyekundu na nyeupe kabla chai yako haijapoa. Ila haifanyi kazi bila maji yake maalumu, vitendanishi tunaviita, na vikiisha inageuka kuwa sanduku. Mwaka ninaousimulia ilikuwa sanduku. Nilikuwa nimeishonea kitambaa cha kuifunika, kwa sababu vumbi la malori ya ufuta linaingia hata dirisha likiwa limefungwa.

Mwaka huohuo tuliitwa semina mjini Lindi, sisi watu wa maabara kutoka vituo mbalimbali. Mada ilikuwa utunzaji wa sampuli. Siku ya pili akaja mtaalamu wa damu, Mtanzania aliyeishi nje miaka mingi, anaongea taratibu kama mwalimu wa madrasa. Akasema atatuonyesha jinsi damu inavyotunzwa mahali pagumu kuliko pote. Nikadhani atataja jangwa au vita. Akaweka ukutani picha ya mtu anayeelea, miguu juu kichwa chini, mkono umefungwa mpira, anajitoa damu mwenyewe.

Alitueleza kwamba huko juu mwili unachanganyikiwa. Mtu anakwenda mzima, amepimwa kila kiungo, lakini akikaa kule miezi, kinga yake inayumba. Virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni, kama vile vya tetekuwanga, vinaamka. Chembe nyeupe zipo, ila baadhi zinakuwa zimezubaa, zinachelewa kushtuka. Kwa hiyo wanaanga hutolewa damu kabla ya kuondoka, wakiwa kulekule angani, na wakirudi. Nyingine inagandishwa kwa baridi. Ila kuna vipimo vinavyotaka chembe zilizo hai, na hivyo damu yake inatolewa saa za mwisho kabisa kabla chombo hakijaanza kushuka, ili ifike duniani kabla haijachoka. Na huku chini kuna watu wamesimama wanaisubiri. Halafu akatuonyesha kidude kidogo, mkono mmoja unakibeba. Kilijaribiwa hukohuko juu. Tone moja la kidoleni, kinahesabu chembe nyeupe.

Ukumbi mzima ulinong'ona kwa kustaajabu. Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepokea karatasi ya sampuli yangu niliyoipeleka kwa basi hospitali kubwa: "Imeganda. Rudia."

Nikanyoosha mkono.

"Daktari, samahani. Damu inatoka angani inafika ikiwa hai. Yangu inatoka hapa kando ya lami, inaharibika kabla haijafika Mchinga. Mimi nakosea wapi?"

Watu wakacheka. Bosi wangu, mganga mfawidhi wa kituo chetu, alikuwa mstari wa mbele. Akageuka akanikazia macho. Yule mtaalamu hakucheka.

"Dada, hukosei kitu," akasema. "Wale ni wachache sana, na kila mmoja ana kundi la watu wanaoulizia damu yake kila siku. Ya kwako nani anaiulizia?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

Nikakaa. Nilimchukia mchana ule wote, na nilijua namchukia kwa sababu amesema kweli.

Sasa nije kwa dada yangu.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, na yeye alikuwa binti tu, hajaolewa. Anaishi Njinjo, analima mpunga na ufuta. Ni mtu wa kuimba akiwa shambani, sauti kubwa, majirani wanajua amefika kabla hawajamwona. Mwaka ule alianza kukonda huku anakula kuliko kawaida. Mikono ikawa inamtetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na shingo ikavimba mbele. Rovu. Nikampeleka kwa daktari bingwa, akampa vidonge vya kutuliza ile tezi ya shingoni. Vilimsaidia kweli. Mikono ikatulia, usingizi ukarudi.

Lakini yule daktari aliandika maneno kwenye karatasi, akanipa mimi mkononi kwa sababu aliambiwa mimi ni mtu wa maabara. Vidonge hivi, kwa watu wachache, vinaweza kuua chembe nyeupe zote ghafla. Akipata homa au koo likimuuma, asisubiri: aache dawa na apimwe damu siku hiyohiyo. Na kabla ya hapo apimwe mara kwa mara ili tujue hali yake ya kawaida.

Apimwe wapi? Mara mbili nilimtoa damu, nikaifunga kwenye boksi la barafu, nikampa kondakta wa basi. Mara ya kwanza iliganda. Mara ya pili basi liliharibika njiani, boksi likakaa juani, jibu likaja kwamba haifai. Dada akaniuliza kwa simu, "Mdogo wangu, nije tena?" Ilikuwa msimu wa palizi. Nikamwambia, "Endelea tu na dawa, dada. Ukijisikia vibaya utakuja."

Hilo nimelisema mimi. Ofisi haihusiki, mashine haihusiki. Naliweka hapa kwa sababu kuna watu walikuja kuniambia nina hasira na kila mtu isipokuwa nafsi yangu. Hawanijui.

Alikuja siku ya Jumatano, karibu na adhuhuri, nyuma ya bodaboda, amejifunga kanga mbili na anatetemeka juani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuijua. Haikuwa sauti, ilikuwa pumzi. Koo lilikuwa limejaa vidonda. Kumeza mate hawezi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akaonyesha vidole viwili. Siku mbili.

"Na dawa umekunywa?"

Akatikisa kichwa kukubali. Asubuhi ile pia. Aliogopa kuacha, moyo usije ukaanza tena mbio.

Zamu ilikuwa ya tabibu kijana, mwenye miaka miwili tu kazini. Akampima malaria kwa kile kipimo cha haraka: hana. Akamulika koo, akasema ni mafindofindo, akaanza kuandika vidonge aende navyo nyumbani. Nikamwonyesha ile karatasi ya daktari bingwa. Akaisoma mara mbili.

"Dada, hapa wanataka picha kamili ya damu."

"Najua."

"Na mashine?"

"Unaijua mashine."

"Basi tutume sampuli."

Nikamwambia hiyo sampuli ikifika, na kama itafika, na jibu likarudi, litamkuta mtu kaburini. Sikulisema kwa sauti ya chini. Dada yangu alikuwa amekaa palepale kwenye benchi.

Nilirudi maabara nikafunga mlango. Niliyofanya baada ya hapo ndiyo yaliyoniletea barua, kwa hiyo nitayaeleza yote. Nilimtoboa dada yangu kidole, nikatandaza damu kwenye vioo vitatu, nyembamba na safi kama nilivyofundishwa chuoni. Halafu nikajitoboa mwenyewe, nikatandaza kioo cha nne. Nilitaka damu mbili zipakwe rangi ileile, kwa dakika zilezile, ili mtu asije kusema rangi ilikuwa mbovu. Nikavikausha, nikavipaka rangi tunayotumia kuonea malaria, nikavisuuza.

Nikaanza na cha kwangu. Kila nilipohamisha kioo niliona chembe nyeupe mbili, tatu, mara nne, zimekaa na viini vyake vya zambarau katikati ya zile nyekundu. Sawa. Damu ya mtu mzima.

Nikaweka cha dada yangu.

Nyekundu. Nikasogeza. Nyekundu tupu. Nikasogeza tena, nikabadilisha kioo, nikaenda mpaka kwenye ukingo ambako chembe nyeupe hupenda kurundikana. Nilizunguka hadi shingo ikaniuma. Nikaona moja ndogo, ya aina isiyopigana na vidonda vya koo. Halafu nyingine kama hiyo. Zile zinazokimbilia kidonda, zile ambazo mtu mwenye homa anatakiwa awe nazo kwa wingi hadi zinakera kuhesabu, sikuona hata moja. Vioo vitatu. Hata moja.

Sikulia. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, hakikuwa dua. Ilikuwa ile picha ukutani, mtu mzima mwenye afya, aliyechaguliwa kwa sababu haumwi kitu, anaelea huko juu na tone lake la damu lina watu wanaolisubiri. Na hapa mtu mgonjwa, kwenye ardhi, kando ya lami, mashine ya kumhesabia imekaa hatua mbili kutoka kwangu, imevaa kitambaa.

Nilikivuta kile kitambaa nikakitupa chini. Sijui kwa nini. Halafu nikamwita tabibu.

"Njoo uone."

"Dada, hili jibu nitaliandikaje? Fomu inataka namba."

"Kaa uangalie kwanza. Anza na hiki cha kulia, ni changu. Halafu hiki chake."

Alikaa. Kijana yule nitamshukuru mpaka mwisho wangu, kwa sababu alikaa akaangalia kweli, hakufanya kama anamridhisha mkubwa wake. Alitazama changu, akatazama cha dada, akarudi kwenye changu. Alipoinua uso alikuwa ametoka jasho.

"Mbona hamna kitu?"

"Ndiyo nakwambia."

Hakuuliza tena habari ya fomu. Alisimamisha vidonge vya rovu, akamwekea dada dripu na dawa ya sindano ya kuua vijidudu, akaandika rufaa: homa, vidonda vya koo, chembe nyeupe hazionekani kwenye kioo. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mmoja aliyeshindwa kujifungua, hilo sina la kulisema. Nikakimbia ng'ambo ya barabara kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa Kihindi ambaye familia yake imekuwa pwani hii tangu enzi za babu wa babu yake. Pikapu yake ilikuwa inapakiwa.

"Shikamoo mzee. Dada yangu anakufa. Naomba gari mpaka Lindi."

"Marahaba. Nani mwingine anakwenda?" akauliza, na hapohapo akaanza kuwaambia wapakizi washushe mabati. Aliendesha mwenyewe. Mimi nilikaa katikati nimeshika chupa ya dripu juu, dada ameegemea dirisha, na kila tulipokutana na lori mzee alisoma dua kwa sauti.

Vile vioo vinne nilivibeba mfukoni mwa koti, nimevifunga kwa pamba. Hospitalini walimpima kwa mashine yao, na daktari wa zamu akaja na karatasi mkononi akaniuliza nani aliyegundua. Nikatoa vioo. Akasema wangemrudisha nyumbani na vidonge, mambo yangekuwa mengine. Akamweka chumba cha peke yake, akakataza wageni, akaanzisha dawa kali.

Nilikaa naye, nimefunika mdomo na pua, kwa siku nyingi. Alipoanza kuweza kuongea, kwa kunong'ona, nilikuwa namsimulia chochote ili asiangalie ukuta. Siku moja nikamsimulia habari za semina. Nilimsimulia kwa ukali, namna ninavyosimulia sasa. Nikamwambia dada, kuna watu wako angani, kinga yao ikishuka hata kidogo inajulikana. Nikamwambia kuna kidude. Nilitegemea na yeye akasirike. Nilihitaji mwenzangu wa kukasirika naye.

Akaniuliza, "Na wao wanatobolewa vidole?"

"Wanatobolewa."

"Maskini. Na wako mbali hivyo na kwao." Akafumba macho. Akasema kwa Kimatumbi, lugha ya mama yetu, kwamba bora wanaangaliwa, mtu asiugue peke yake mahali pasipo na ndugu.

Nilimwangalia. Yeye ndiye aliyekuwa kitandani, halafu anawahurumia. Niliona aibu kidogo, kweli, lakini hasira haikuondoka. Ilihama tu. Ilitoka kwa yule mtu anayeelea ikashuka huku chini inakostahili kuwa.

Chembe zake zilianza kurudi. Kwanza chache, halafu siku moja zikaruka, daktari akacheka mwenyewe alipoona karatasi. Dada akarudi Njinjo. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa ile tezi, vile vidonge hatavigusa tena maisha yake yote.

Mimi niliporudi kazini nilikuta barua mezani. Ilitoka kwenye ofisi iliyo juu ya kituo, nayo sitaitaja. Ilisema nimetoa majibu kwa njia isiyoidhinishwa, nimetumia vifaa vya serikali kujipima mwenyewe bila maelekezo ya tabibu, na nimetoa lugha isiyofaa mbele ya wagonjwa. Nijieleze kwa maandishi. Mganga mfawidhi aliniita ofisini kwake.

"Andika tu samahani, mama, yaishe," akasema. Si mtu mbaya. Anataka kustaafu salama. "Mgonjwa si amepona?"

"Amepona kwa sababu ana mdogo wake maabara. Yule ambaye hana?"

"Hayo si ya kuandika kwenye barua."

"Basi nitayaandika wapi?"

Nikaenda nikaandika. Sikuandika samahani. Niliandika tarehe ya kila ombi la vitendanishi tulilopeleka, na mbele ya kila tarehe nikaandika neno moja: kimya. Niliandika kuhusu sampuli iliyoganda na iliyopikwa na jua. Niliandika kwamba ndiyo, nilijitoboa kidole, na nitajitoboa tena. Niliandika pia kwamba nilimwambia dada yangu aendelee na dawa bila kipimo, na kwamba kosa hilo ndilo ambalo barua yao haikulitaja.

Hawakunijibu. Barua mbili zimekaa kwenye faili moja, yao na yangu, zinatazamana.

Miezi kadhaa baadaye vitendanishi vililetwa. Wageni wakaja, wakataka nisimame kando ya mashine, niweke sampuli, nitabasamu, wanipige picha. Nikasema sitasimama. Mganga mfawidhi akasimama yeye. Picha ilitoka vizuri. Vitendanishi vikaisha kabla ya mavuno ya ufuta, na tukarudi palepale.

Sikupoa. Mume wangu ananiambia nitapata presha, na huenda anasema kweli. Lakini nimeacha kuisubiri ile hasira iishe, nimeipa kazi. Nimeandaa daftari la watu wote wa upande wetu wanaotumia vidonge vinavyoweza kuua chembe nyeupe. Si wengi, wanaingia ukurasa mmoja. Nina namba zao za simu. Kila mwezi nawapigia: una homa? koo linauma? Wengine wananichoka. Bibi mmoja aliniambia nina uchuro, namwombea homa.

Wiki iliyopita alikuja baba mmoja kutoka Kikole, yumo kwenye daftari. Homa tangu usiku. Nilikuwa bado naandaa vioo niliposikia mlango unafunguliwa. Yule tabibu alikuwa ameingia bila kuitwa, akavuta kiti mpaka kwenye hadubini ya pili, akaiwasha taa.

"Nipe kimoja niangalie mimi, kingine uangalie wewe," akasema. "Tukimaliza tulinganishe."

Tukainama. Yule baba wa Kikole akiwa amekaa kwenye benchi, kofia yake mapajani, anatuangalia migongo.

"Unaona?" nikamuuliza tabibu.

"Naona. Zipo."

"Ngapi?"

"Subiri, mama. Nahesabu."